Mazoezi ya laparoskopi kwenye boksi: mkono umeiva unapimwaje?

Mwana_Chake: Assalaam alaykum wataalamu. Niko Pemba, nasomea upasuaji, sasa hivi laparoskopi, ule wa matundu madogo na kamera. Mkuu wetu kasema sishiki koleo kwenye operesheni ya nyongo mpaka mkono uive kwenye boksi. Boksi ninalo: la plastiki, kamera ya kompyuta, taa ya LED. Huko kuiva kunapimwaje? Cheti cha warsha ya siku mbili hakitoshi?

KoleoNaUzi: Waalaykum salaam. Cheti hicho kinaonesha ulihudhuria, basi. Fuata vipimo vya FLS, mtihani wa Marekani wa misingi ya laparoskopi. Bodi ya upasuaji ya huko iliufanya sharti kabla ya mtihani wake yenyewe. Mazoezi ni 5, nakutajia matatu. Kuhamisha vipande 6: mkono usiouzoea unaokota, unampa mwenzake hewani, vikiisha unavirudisha vyote. Lengo sekunde 48, na kisianguke hata kimoja nje ya picha. Kukata duara kwenye kitambaa cha shashi ni sekunde 98, mkasi usipotoke zaidi ya milimita 2. Kufunga fundo ndani, 112. Kwa vipande na fundo, ufikie lengo mara 2 mfululizo, kisha mara 10 nyengine. Wengi hufika mara moja wakapiga picha, wakaacha.

Bi_Trokari: Hapo kwenye fundo ndipo watu wanapokwama. Kata uzi wa 2-0 sentimita 15. Ukiwa mrefu unavuta mpaka nje ya picha, humalizi. Shika sindano theluthi mbili kutoka nchani, isimame wima na koleo. Zungusha mara mbili kwanza, halafu moja, halafu moja, na kila mzunguko ubadilishe mkono. Usipobadilisha, fundo linateleza.

Na hiyo kamera yako: programu nyingi za kompyuta hugeuza picha kama kioo. Zima hilo, la sivyo unaufundisha mkono kinyume. Ukitumia simu, unga kwa waya. Picha ikichelewa hata kidogo utapitiliza shabaha.

Mwana_Chake: Ahsante bibie. Nikishafika hapo ndiyo napewa kibali?

KoleoNaUzi: Bado kaka. Boksi halitoki damu. Unaanza kushika kamera, kisha kubandua kifuko cha nyongo kwenye ini, mwisho kabisa ndiyo pembetatu ya Calot, pale penye mrija na mshipa wa kifuko. Kabla ya klipu yoyote ya kubana mrija, msimamizi aone mambo matatu: mafuta ya pembetatu hiyo yameondoshwa, theluthi ya chini ya kifuko imebanduka, na vitu viwili tu vinaingia kifukoni. Havionekani? Hukati. Rikodi video, ndiyo ushahidi wako. Idadi peke yake kwenye daftari haisemi nani alikata.

Mshonaji77: Na roboti?

Bi_Trokari: Hiyo ina kibali chake. Mashine nyingi hazikupi hisia ya mkono, uzi unakatika hujui umevuta. Unasoma mkazo kwa macho. Na timu nzima ifanye zoezi la kuondosha mikono ya mashine haraka damu ikitoka, maana aliyekaa kwenye konsoli, kiti cha kuiendeshea mashine, hajanawa wala hana glavu.