MREJESHO: Magunia ya mahindi na tesiti ya upande mmoja

Wakuu asanteni sana, niliuliza nipangeje H0 (dai la kuanzia tunalolipima) na H1 (dai mbadala) kwa magunia ya mahindi ya dalali mmoja huku Dodoma anayedai wastani ni kilo 100 wakati sisi tunahisi yanapungua. Basi kama mdau mmoja alivyosema, tuhuma inakaa H1 na alama ya usawa inabaki H0, kwahiyo H0: wastani ≥ 100, H1: wastani < 100, mkia wa kushoto (H0 inakataliwa tu kama wastani umeshuka vya kutosha chini ya 100), na nimeandika kabla sijagusa mzani maana ukishaona data ndo uchague upande huo ni ujanja ujanja tu.

Sampo magunia 36, wastani 98.9, SD (mtawanyiko wa uzito) 3, t = (98.9 - 100) / (3/√36) = -2.2, mpaka kwenye jedwali la t kwa asilimia 5 ni -1.69, yetu imeuvuka. H0 chali, tumeikataa. Dalali anasema mzani wetu mbovu 😂 haya tunautafutia mawe ya kuupimia.