Naomba ushauri: dola zipi ziingie kwenye gemu ya kihistoria?

Wakuu, natengeneza gemu ya mikakati ya kihistoria na nafasi za dola zilizobaki ni chache. Roma, Misri na Uchina zimeshaingia, hizo hazina mjadala.

Utata uko Afrika. Nimebaki na Kush, Aksum na Mali. Kush inanivutia kwa sababu wafalme wake waliitawala Misri yenyewe katika karne ya 8 KK, kwa hiyo uhasama wa majirani hao upo tayari. Aksum ilikuwa na bandari ya Adulis kwenye Bahari ya Shamu na ilitoa sarafu zake yenyewe, hata za dhahabu. Mali ina Mansa Musa, mfalme wake aliyesifika kwa wingi wa dhahabu, na hija yake ya 1324, ila mchezaji akianza na dhahabu yote ile, nani atamfikia?

Halafu kuna Inka, dola ya Amerika Kusini. Kumbukumbu zao waliziweka kwa kamba zenye mafundo, wakati gemu yangu inamtaka kila mmoja avumbue maandishi ndipo aanze kukusanya kodi. Niwabadilishie kanuni wao tu, au niwaache? Mimi naelekea kubadilisha.

Jingine: Roma ya Augusto ikutane na Wamongolia wa Genghis Khan, aliyewaunganisha 1206, kwenye ramani moja? Mwenzangu anataka kila enzi ikae peke yake. Naona hapo tutaua raha yote, lakini sina uhakika.

Waliowahi kucheza au kuunda gemu za aina hii, mngemwacha nani?