Kadi ya plastiki au bisibisi bapa? Kifuniko cha Macintosh kimegoma

SkrubuMoja: Wakuu, nina kompyuta ya zamani, Macintosh, nataka kuifungua kesho. Skrubu zote nimetoa lakini ganda la nyuma halisogei. Nina bisibisi bapa, kadi ya benki iliyokwisha muda na vibanio vya karatasi. Nianze na kipi?

Kapasita3: Macintosh ipi? Skrubu "zote" ni ngapi? Weka picha.

BiSolda: Kadi! Bisibisi bapa inatafuna kingo na ile alama haifutiki. Plastiki ya umri huo imekauka, ukiikaza inapasuka.

SkrubuMoja: Samahani, ni Plus. Nimetoa nne: mbili za ndani kwenye mpini, mbili chini.

Kapasita3: Basi haijakwama ndugu yangu, bado imefungwa. Plus ina ya tano, ndani ya kijumba cha betri.

SkrubuMoja: Hicho kijumba nacho kifuniko chake kimegoma. Pembeni kuna ungaunga mweupe.

WayaMwekundu: Betri imevuja. Ni alkali, kwa hiyo chovya pamba kwenye siki, pitisha kwenye mwanya, subiri, kisha ingiza kona ya kadi.

Na ganda likiachia usilivute kwa pupa. Mimi ya kwangu niliibenua kwa kisu cha mezani, upande mmoja tu. Ilikaza, ikakaza, halafu ikaachia ghafla, ganda likaja kimshazari na kugonga shingo ya tyubu ya picha, ile ya skrini. Nikasikia "fsss", hewa inaingia. Shingo ile ni kioo chembamba kama cha balbu. Tyubu ilikufa palepale na hadi leo inaniuma. Sasa nalaza mashine kifudifudi juu ya taulo, nasukuma matundu ya nyaya kwa vidole gumba huku nainua ganda wima.

BiSolda: Pole sana. Na hata ukichomoa umeme, tyubu inaweza kubaki na chaji kali. Usiguse chini ya kile kikombe cha mpira kilichobanwa kwenye tyubu kabla ya kuitoa chaji.

Kapasita3: Siki siipendi, inateremkia kwenye bodi. Spiriti je?

WayaMwekundu: Spiriti haiui alkali. Pamba iwe nyevu tu, isidondoshe.

Mkebe512: Ukishafungua, ile rangi ya njano ya plastiki iliyozeeka itoe kwa dawa ya peroksaidi na jua. Yangu imerudi kuwa mpya.

BiSolda: Imerudi kwa muda. Njano hurudi tena, na ukipaka vibaya unabaki na mabaka. Mimi naiacha na umri wake.

Mkebe512: Mabaka ni ya mpakaji. Mimi nafunika na nailoni, dawa haikauki.

Kapasita3: Hayo fungueni mada yake, mwenzetu bado yuko nje ya mashine.

SkrubuMoja: Nimepaka siki. Kadi imeingia, kifuniko kimesogea milimita 2 hivi kikasimama. Nikaze?

WayaMwekundu: Usikaze! Umesubiri dakika ngapi?