Bampa za Beetle ya 1966 kwenye Beetle ya 1969, zinaingia?

Mpenda_Vikongwe:
Habari zenu wadau. Nina Volkswagen Beetle ya 1969 naifufua taratibu, bodi haina shida ila bampa zote mbili zimeliwa na kutu, hata pa kupiga kromu upya hapapo. Nimepata mtu anauza seti ya zile bampa za zamani, nyembamba za mviringo zenye pembe na bomba la juu, anasema zimetoka kwenye ya 1966 na eti Beetle ni Beetle, unafungua bolti unafunga bolti. Nazipenda balaa, ila nikicheki picha naona zinakaa chini kuliko zangu. Zinaingia au napigwa? Na kama haziingii, tatizo ni bampa yenyewe au kuna kitu kingine?

bodi_na_rangi:
Hivihivi haziingii mkuu. Kuanzia modeli ya 1968, yaani gari zilizoanza kutoka kiwandani Agosti 1967, walipandisha bampa juu na kuifanya nene iliyonyooka, na wakishagusa bampa ikabidi waguse kila kilicho jirani nayo: tundu la breketi (vile vyuma vinavyoishika bampa kwenye bodi) kwenye madigadi likapanda, boneti ya mbele (ambayo kwa hili gari ndo buti maana injini iko nyuma, tusisahau) ikafupishwa, mfuniko wa injini nao ukafupishwa, na bati za chini ya hiyo mifuniko zikabadilishwa kuziba pengo. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili, bampa ni chuma tu haina kosa, shida ni breketi na pale inapotokea.

Kuna breketi zinatengenezwa maalum kwa kazi hii, zinafungwa kwenye matundu ya gari lako kama lilivyo halafu zinashuka kuikamata bampa ya zamani. Ndo njia ya amani maana hukati kitu na siku ukibadili mawazo unarudisha. Njia ngumu ni kutafuta madigadi ya zamani yote manne, na hapo utashangaa umeanza na bampa umemaliza na nusu ya gari, kwa sababu madigadi ya zamani ya mbele yana taa za kulala (kioo kimeinamia nyuma) na yako ni za kusimama (kioo kimesimama wima). Usikubali fundi akuambie atatoboa tundu jipya chini na kuziba la juu kwa puti (ile dawa ya kusawazishia bodi), lile eneo linatikisika kila ukipita kwenye shimo na puti itapasuka tu. Kama ni kuziba lichomelewe bati.

injini_iko_nyuma:
Naongezea kwa bodi_na_rangi, usiamini mdomo wa muuzaji kuhusu mwaka wala usipime kwa taa. Beetle za modeli ya 1967 zilizoenda Marekani tayari zilikuwa na taa za kusimama lakini bampa bado zile za chini, hapo wengi huwa wanachanganyikiwa wananunua madigadi yasiyo yao. Soma namba ya chesisi. Kwa Beetle ya kawaida ya miaka hiyo tarakimu ya tatu ndo mwaka wa modeli, ikianza 117 ni ya 1967, 118 ni ya 1968, yako inatakiwa ianze 119. Na kumbuka mwaka wa modeli kwao ulikuwa unaanza Agosti, gari ikitoka Oktoba 1968 ni ya 1969.

Kitu kingine, kabla hujalipa hata senti jaribu kufungua bolti za breketi zako za sasa. Nati zake ziko ndani ya bodi huwezi kuzishika na spana, kutu ikishazibana bolti inakatikia humo humo na hapo bampa yoyote uliyonunua itakaa stoo. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu leo, rudia kesho, usiwe na haraka na hilo spana.

kromu_haiozi:
Mi nitasema tofauti, tafuta bampa zako za 1968 kuendelea achana na hizo pembe. Bampa nyembamba kwenye bodi ya mifuniko mifupi inaacha bati kubwa tupu juu yake, gari linaonekana kama limevaa suruali chini ya kiuno. Ila na hizo mpya nazo angalia, Beetle za Ulaya kuanzia Agosti 1974 indiketa za mbele zilihamia ndani ya bampa, kwa hiyo bampa ina matundu mawili ambayo kwako hayana kazi. Na za Marekani kuanzia modeli ya 1974 zina breketi zenye shokomzoba kwa ajili ya sheria yao ya bampa kuhimili kugongwa kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, breketi hizo kwako si za kufunga kienyeji.

Mpenda_Vikongwe:
Asanteni sana. Nimecheki namba inaanza 119 kweli. Muuzaji nimemuuliza breketi anasema hana, zilikatwa na grenda wakati wa kutoa bampa! Kromu_haiozi hiyo ya suruali umeniharibia kabisa, sasa kila nikiangalia picha naiona. Bado nazipenda lakini. Swali la mwisho, hizo breketi za kushusha zinabeba uzito wa mtu akikalia bampa?

bodi_na_rangi:
Asikalie mtu. Breketi ikishuka hivyo inakuwa na mkono mrefu, ukikandamiza mwisho wa bampa inajipinda na unabaki na bampa imeinama upande. Na usivutie gari kwa bampa pia. Zile zilizokatwa na grenda zisikuumize, zingekuwepo bado zisingekusaidia, hazilingani na matundu yako. Mwambie muuzaji apunguze bei, halafu kagua bampa kwa nyuma maana kromu huficha, kutu inaanzia upande ambao hakuna anayeangalia.