Binti kapata Bugando, Muhimbili na "premedi" ya Marekani: tuthibitishe wapi?

Mama wa Mwaloni

Wakuu, naombeni ushauri kabla muda wa kuthibitisha haujaisha. Binti yangu kamaliza kidato cha sita, PCB, division one. Kachaguliwa udaktari vyuo viwili, CUHAS Bugando hapa hapa Mwanza na Muhimbili. Sasa kuna wakala wa vyuo vya nje katuletea barua ya chuo cha Marekani: wamempokea kusoma "premedi" na watamlipia nusu ya ada. Anasema ndiyo njia ya udaktari wa kimataifa, na anataka malipo ya awali kabla ya Jumamosi. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, baba yao alishatangulia mbele ya haki. Nina kiwanja Buswelu naweza kukiuza. Binti moyo wake uko Marekani, ingawa hanitamkii. Nishaurini kama dada yenu.

Tabibu wa Sengerema

Shikamoo mama, na hongera sana. Kupata vyuo hivyo viwili kwa mpigo si kazi ndogo.

Kiwanja usiuze, na huyo wakala usimpe hata shilingi. Kule Marekani mtu hatoki sekondari akaingia udaktari moja kwa moja. Anasoma kwanza digrii ya miaka 4, hata ya historia akitaka, mradi apitie baiolojia, kemia na fizikia pamoja na maabara zake. Hiyo ndiyo premedi. Kisha anafanya mtihani unaoitwa MCAT na kuomba chuo cha udaktari upya, akishindana na wote. Akipata, miaka 4 mingine, halafu ubingwa. Barua uliyonayo haimpi nafasi ya udaktari popote.

Na kwa mgeni mlango ni mwembamba zaidi. Vyuo vingi vya udaktari vya kule havipokei asiye raia au mkazi wa kudumu. Mikopo ya serikali yao haimhusu, na ada ya vyuo vingi vya binafsi inapita dola 60,000 kwa mwaka. Hata viza yenyewe, lazima aonyeshe fedha za mwaka wa kwanza zipo. Nusu ya ada inayobaki, nauli, bima na chakula atalipa nani? Wenzake wa PCB watakuwa wanaingia mwaka wa tano wa MD, yaani digrii ya udaktari, yeye ana digrii ya baiolojia na hajaanza udaktari.

Sasa vyuo vyetu. Mimi ni zao la Bugando na nakipenda chuo kile. Hospitali ipo tangu 1971, ina vitanda zaidi ya 900, na Kanda ya Ziwa yote inapeleka wagonjwa pale. Nikiwa mwanafunzi tulipewa mvuvi kutoka visiwani, katapika damu, bandama limeshuka karibu na kitovu. Mwalimu hakutuambia ana nini. Alituweka mstari, kila mmoja aweke kiganja, amwambie mgonjwa avute pumzi, asikilize bandama linavyokuja kugonga vidole. Kilikuwa kichocho cha ziwa letu hili. Mpaka leo nikimpima mtoto tumbo nafanya hivyo hivyo, bila haraka. Mwanafunzi wa udaktari muulize atashika wagonjwa wangapi. Jina la chuo lifuate baadaye.

Lakini kwa kipato chako, mama, mimi ningethibitisha Muhimbili. Ni chuo cha serikali, ada yake ni nafuu sana kuliko ya Bugando. Udaktari unafundishwa pale tangu 1963, na MOI, taasisi ya mifupa, na Taasisi ya Moyo ziko humo humo. Wagonjwa hawakosekani.

Mwaka wa Tatu

Shikamoo mama. Kwa heshima napingana kidogo na kaka Tabibu. Mimi niko Bugando sasa hivi. Dar kuna chumba, chakula na daladala kila siku. Kutoka Kirumba binti anaweza kulala nyumbani, akala ugali wa mama yake. Usiku wa mitihani hilo lina uzito. Omba maelekezo ya kujiunga ya vyuo vyote viwili, jumlisha kila kitu, usiangalie mstari wa ada peke yake.

Tabibu wa Sengerema

Mdogo wangu, hoja yako ya chakula na malazi ni ya kweli. Ila ada ya chuo binafsi inaweza kuzidi kiasi cha mkopo, na tofauti hiyo mama atadaiwa kila mwaka kwa miaka 5. Niliona wenzangu wenye akili kunizidi wakizuiwa kufanya mitihani kwa deni la ada. Sitaki limkute huyu binti. Bodi ya Mikopo ikimpa mkopo wa kutosha kufunika ada ya Bugando, abaki Mwanza na mimi nitafurahi.

Mama wa Mwaloni

Marahaba wanangu. Nimemsomea binti yote haya, amelia kidogo. Anauliza, je, Marekani ndiyo basi tena?

Tabibu wa Sengerema

Hapana, mwambie si basi. Akimaliza MD na mwaka wa mazoezi hospitalini, anaweza kufanya USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, na kuomba mafunzo ya ubingwa kule kule. Ni kazi ngumu, lakini madaktari waliosoma nje ya Marekani hupita njia hiyo kila mwaka, na atakwenda akiwa daktari tayari.

Kwa sasa hakikisheni maombi yake Bodi ya Mikopo yamekamilika. Cheti cha kifo cha baba lazima kihakikiwe RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo. Bila hivyo hawatamhesabu kama aliyefiwa na mzazi, na hicho ndicho kinachoweza kumwongezea mkopo. Namba ya kuthibitisha chuo kutoka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, inakuja kwenye simu aliyoombea, kwa hiyo laini hiyo isizimwe. Na wakala akipiga tena, mwambie akuandikie jina la chuo cha udaktari ambacho binti atasoma baada ya hiyo miaka 4.

Mama wa Mwaloni

Cheti kipo, hakijahakikiwa. Kesho asubuhi naacha meza kwa jirani, naanzia RITA.