Nikisimama mbele za watu natetemeka, nifanyeje?

Mleta uzi:
Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Alhamisi ijayo natakiwa kuwasilisha ripoti ya idara mbele ya watu kama 40. Tukiwa wanne mezani naongea mpaka nanyamazishwa. Niambie nisimame mbele sasa: moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka, magoti yanalegea. Mara ya mwisho karatasi ilitetemeka mkononi mpaka maiki ikawa inadaka mlio wake. Kurasa tatu nilizimaliza kwa dakika mbili, nikakimbilia kiti. Nawaza kuaga naumwa. Kuna aliyepona hiki kitu?

Mchangiaji 1:
Ukiaga safari hii, ijayo itakuwa ngumu zaidi. Tafuta propranolol, inatuliza mapigo. Wapo wanamuziki wanaimeza kabla ya kupanda jukwaani.

Mchangiaji 2:
Taratibu mkuu. Hiyo ni dawa ya moyo na presha, na mwenye pumu haimfai, inaweza kumbana kifua. Amwone daktari kwanza.

Mchangiaji 3:
Nafundisha watu wazima mwaka wa 9 huu, na dakika ya kwanza bado natetemeka. Ni adrenalini hiyo, mwili unajiandaa kukimbia. Kujiambia "tulia" hakusaidii kitu. Pumzi ndiyo inasaidia: vuta kwa hesabu ya 4, toa polepole kwa 6, ukiwa bado umekaa.

Halafu usikariri ripoti nzima. Neno moja likikuponyoka, yote yanaondoka nalo. Kariri sentensi mbili za mwanzo, uweze kuzitamka hata ukiamshwa usiku wa manane. Zilizobaki andika hoja tu kwenye kadi ngumu (kadi haina kelele). Fanya mazoezi umesimama, kwa sauti. Kusoma kimoyomoyo kitandani ni kujidanganya. Na jirekodi kwa simu, uone hofu inavyoonekana kidogo kwa nje kuliko unavyoihisi.

Mchangiaji 4:
Wahi ukumbini, usimame pale mbele kabla watu hawajaingia. Kahawa siku hiyo acha.

Mleta uzi:
Asanteni sana. Nina pumu, kwa hiyo dawa hapana. Jana usiku nimejirekodi. Kutetemeka sijakuona, ila nimesema "kwa hiyo" mara 31. Hilo nalo lina tiba?

Mchangiaji 3:
Likikujia, nyamaza, meza mate, endelea. Ya 32 umeshaiandika hapo juu.