Mrejesho: Nikon FM2/T ya titani au FM2 ya kawaida?

Wakuu, habari zenu. Mwezi uliopita niliuliza kama kamera ya filamu ya Nikon FM2/T, ile ya mwaka 1993 yenye gamba la titani, inastahili bei yake. Muuzaji alitaka karibu mara tatu ya FM2 ya kawaida. Nawashukuru sana nyote mlionijibu.

Nilimfuata aliyesema nizijaribu zote mbili. Muuzaji aliniruhusu, nikaazima FM2 ya rafiki, nikapiga picha zilezile kwa lenzi ileile ya milimita 50. Filamu ziliposafishwa sikuweza kuzitofautisha. Ndani ni mashine moja: shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) ya kimakanika inayofika 1/4000 ya sekunde, betri kazi yake ni kipima mwanga tu. Lile gamba ni zuri kweli, kijivu chenye udhahabu kidogo, na mkusanyaji ana haki ya kulilipia. Mimi nataka kupiga picha, nikanunua ya kawaida.

Ushauri wenu wa kukagua sponji za mlango wa nyuma, zile zinazozuia mwanga usiingie kwenye filamu, sikuufuata vizuri. Nilizitazama tu, sikuzigusa, kumbe zimeoza kwa umri. Filamu ya kwanza iliingia mwanga: fremu nane zina mstari mwekundu pembeni, zikiwemo za bibi akisuka mkeka, na hizo zimeniuma. Fundi amebadilisha sponji, filamu ya pili imetoka safi.

Kwa atakayenunua baadaye: gusa sponji kwa kijiti cha meno. Ikinata kama lami, dai upunguziwe bei.

Asanteni sana.